Bosi Hataki Maziwa

Nina miaka kumi na tisa kiwandani na sijawahi kukosea jalada. Nasema hivyo kwa majivuno na simwombi mtu radhi. Kazi yangu ni kushona kurasa na kutia vitabu majalada, na kitabu nilichoshona mimi, kirushe ukutani, utakiokota kizima. Kosa la mwezi uliopita sikulifanya kwa kutojua kazi. Nililifanya kwa kujua mno.

Mume wangu ni fundi saa. Tangu binti yetu azaliwe, amekuwa msomi wa malezi. Simu yake imejaa wataalamu: mtoto hakatazwi, anashauriwa; haamrishwi, anaalikwa. Binti ana miaka minne na mtaa mzima unamwita Bosi. Kila asubuhi baba yake anapiga magoti kumwomba ruhusa ya kumvalisha soksi, na mimi niko mlangoni, mkoba begani, nachelewa kazini.

Mwaka huu akaandika kitabu. Hadithi yenye vina, ya sungura anayezungumza na hasira zake. Miezi miwili alikuwa kwenye meza yake ya kazi, kati ya vigurudumu vya saa, ananiita kila mara: "Mama Bosi, sikiliza hiki kina, kinatosha?" Shule ya chekechea ikamkaribisha akisome siku ya wazazi. Nikaahidi kumshonea nakala moja kwa mkono, jalada la kitambaa cha buluu.

Sasa, na mimi nina ulimi. Nilikuwa nimeandika changu, cha wakubwa, nikawasomea wenzangu saa ya chai, wakacheka hadi machozi. Nikajishonea nakala moja ya kuficha kwenye droo yangu kiwandani, ukubwa uleule, yake nikaitengea kitambaa cha kahawia, nikaongeza ukurasa wa mwisho ambao sikumsomea mtu.

Nakala zote mbili zilipokauka, bado bila majalada, mwendesha mashine wetu akaanza utani wake. Eti uzee umenifikia, natazama kazi kwa karibu mno.

"Uzee? Hizi nazivalisha nimefumba macho."

"Hebu fumba tuone."

Nikafumba. Gundi, kitambaa, kidole gumba kwenye kila kona. Nilipofumbua, kingo zilikuwa zimenyooka kama zimepigwa rula. Wakanipigia makofi. Hakuna aliyefungua ndani, hata mimi.

Siku ya wazazi nilikaa nyuma, karibu na rafu ya viatu vya watoto. Wazazi kama sitini, watoto mkekani, Bosi mbele kabisa. Mume wangu alivaa shati lililopigwa pasi mara mbili. Akafungua kitabu cha buluu, akasafisha koo, akasoma:

*Bosi hataki maziwa,*
*kikombe si cha kijani.*
*Kaletewa cha kijani,*
*sasa ataka sahani.*

Akaishia hapo. Nikampungia mkono: funga, funga! Akaniangalia, akaangalia ukurasa, na nikaona anaelewa. Huyu ndiye aliyekuwa ananiuliza vina vyake kwa heshima zote, na sasa alijua kwamba nilikuwa namcheka nyuma ya mgongo. Sikuogopa aibu ya shule. Niliogopa kumpoteza mtu wa kuniita nisikilize.

"Huyo ni mimi!" Bosi akapiga kelele kwa furaha. "Baba, endelea!"

Na sheria ya nyumbani kwetu aliitunga huyo baba mwenyewe: mtoto akifurahia kitabu, hakikatizwi. Akaendelea.

*Baba kapiga magoti,*
*sabuni i mkononi:*
*"Bosi, naomba ruhusa,*
*niguse masikioni."*

*Bosi kajibu, "Ngojea,*
*bado ninatafakari."*
*Maji yakapoa yote,*
*ikafika Januari.*

Baba mmoja akacheka kwa pua. Kisha mama mmoja. Kisha ukumbi wote ukashindwa kujizuia, na mume wangu, badala ya kusinyaa, akaanza kuigiza sauti. Alipofika ubeti wa kitandani, Mwalimu Mkuu alijifunika uso kwa daftari la mahudhurio.

*Kitanda kina watatu,*
*Bosi kati, twabanana;*
*baba huku, mama kule,*
*kwa barua hukutana.*
*Kisha aomba mdogo;*
*atatoka wapi, bwana?*

"Kwetu ni hivyohivyo!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. Mume wangu akafunua ukurasa wa mwisho. Hapo sauti yake ikabadilika, akasoma polepole.

*Baba huyu ni wa kwangu,*
*kumcheka nina haki;*
*mwingine akithubutu,*
*nitamng'ata, habaki.*

Akafunga kitabu, akapapasa mshono wa mgongoni kwa kidole. "Kimeshonwa na mke wangu," akasema. "Na kimeandikwa na yeye. Yule pale, anajificha kwenye viatu."

Makofi sikuyasikia vizuri. Nilikuwa nalia.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, Bosi mabegani mwa baba yake.

"Kiwandani umewasomea?" mume wangu akauliza.

"Nimewasomea."

"Walicheka?"

"Sana."

"Uliwang'ata?"

Nikamwambia tu ukweli, kwamba ukurasa ule wa mwisho hawakuusikia, niliuonea haya. Akaitikia kwa kichwa, akamrekebisha Bosi mabegani.

Jumatatu, saa ya chai, mwendesha mashine akaanza kama kawaida. "Vipi, yule bwana bado kapiga magoti?"

Wenzangu wakageuka, wanangoja niongeze chumvi. Nikaweka kikombe chini.

"Yule bwana," nikasema, "amesimama mbele ya watu sitini, akasoma vichekesho vya kumcheka yeye mwenyewe mpaka mwisho, hakuruka hata mstari mmoja. Kisha akanitaja mimi. Wewe umewahi kusoma nini, mbele ya nani?"

Akacheka kidogo, akaona mimi sicheki, akaacha. Nikatoa kwenye droo kitabu kilichobaki, kile cha sungura, nikavuta kiti.

"Leo tunasoma hiki," nikasema. "Na nina meno."