Korti ya Maneno

Mwalimu Abdulrahman alikuwa na korti nyumbani kwake, na mimi nilikuwa mzee wa baraza. Ilikaa kila Ijumaa baada ya chakula, sinia likishaondolewa na chai imeletwa. Walioshtakiwa pale walikuwa maneno. Mtu akileta neno jipya alilolisikia mjini, Mwalimu hulisikiliza, hulipindua huku na huku, kisha hutoa hukumu yake: ni Kiingereza, ama nje. Miaka yote niliyokaa pale sikumbuki neno lililopona.

Sisi wawili tumetoka Tanga. Kule yeye alifundisha Kiingereza sekondari, na hapa Johannesburg anawafundisha wageni wenzetu, Wakongo na Warundi wengi wao, katika chumba cha kupanga Doornfontein. Mimi natengeneza cherehani Jeppestown, na Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Kortini nilifuata pilau ya Mwatumu, mkewe, wala sioni haya kusema.

Aliyeipenda korti ile kuliko sote ni Mayasa, binti yao wa pekee, aliyezaliwa hapa hapa. Alipokuwa mdogo alikuwa akirudi kutoka shule na maneno kama watoto wengine wanavyorudi na vijiwe mfukoni. "Baba, leo nimekuletea moja zuri," atasema, hata viatu hajavua. Siku moja alileta robot; ndivyo watu wa hapa wanavyoziita taa za kuongozea magari. Mwalimu akasema robot ni mashine inayofanya kazi ya mtu. Mayasa akajibu kwamba taa zinafanya kazi ya trafiki, na trafiki ni mtu. Nikapiga makofi. Mwalimu akatabasamu, akanywa chai, akasema, "Nje."

Safari nyingine akaja na now-now, akatueleza kwa vidole kwamba hiyo si sasa hivi, ni punde kidogo, ukimaliza ulichoshika. Mimi nikaona neno limetimia, maana mama yangu Tanga akikwambia anakuja sasa hivi, unaweza kuoga na kulala. "Now moja inatosha," akasema Mwalimu. "Nje." Mtoto akacheka, akaenda kutafuta jingine. Aliamini kwamba iko siku ataleta neno ambalo baba yake atalifungulia mlango.

"Mpe hata moja," nilimwambia rafiki yangu tulipobaki wawili.

"Nikimpa lisilostahili nitakuwa nimemdanganya, Selemani. Huko nje atachekwa."

Hakuwa akisema uongo. Alikuwa ameona watu wetu wakichekwa kwenye madirisha ya ofisi, na alitaka binti yake azungumze Kiingereza kisichoweza kurudishwa na mtu yeyote. Lakini watoto wote wa shuleni kwake walisema robot, na walimu wao pia. Hakuna aliyekuwa akimcheka Mayasa isipokuwa pale mkekani.

Alipokua, korti ikaacha kungoja Ijumaa. Akishangaa eish mlangoni, husahihishwa mlangoni. Mara moja alibanwa kidole na mlango wa kabati akapiga yowe, "Yoh!" Mwalimu akatoa kichwa chumbani. "Yoh si neno," akasema, kisha ndiyo akauliza ameumia wapi. Mimi nilikuwapo, na mpangilio ule unanikera mpaka leo.

Mayasa akaanza kunyamaza. Jikoni na mama yake alikuwa kasuku, Kiswahili, Kiingereza na Kizulu vyote chungu kimoja. Baba akitokea tu, binti anageukia vyombo. Kwa baba yake akabakiza "Ndiyo, Baba" na "Nimeelewa, Baba", na Mwalimu akatuambia, tena kwa fahari, kwamba mtoto amekomaa, ameacha maneno ya ovyo.

Kisha wakaja wazee wa Suhaib kuposa. Suhaib ni kijana wa Kizanzibari, fundi wa mafriji kule Alexandra, mpole, anayecheka kabla hujamaliza kisa. Mayasa alipoleta kaimati, shangazi yake Suhaib, mama mcheshi, akamshika mkono akamuuliza, "Haya, na wewe mwanangu, unamwonaje huyu wetu?"

Sijawahi kuona uso ukiwaka vile. "Suhaib? Suhaib yuko sharp, Shangazi. Sharp kabisa."

Wageni wakacheka kwa furaha, na mambo yangeishia pale. Mwalimu akakohoa. "Kisu ndicho huwa sharp," akasema. "Mtu husemwa mwema, au hodari, au mwerevu. Chagua."

Chumba kikapoa. Mayasa akatazama zile kaimati. "Mwema," akasema taratibu, akaliweka sinia chini, akatoka. Nilitamani kumzaba rafiki yangu kibao mbele ya wakwe zake.

Wiki ya ndoa Mwatumu alinijia kazini, akakaa kwenye kigoda cha wateja bila kuvua ushungi. Kwetu, kabla ndoa haijafungwa, baba huingia chumbani kwa bibi harusi pamoja na mashahidi wawili, akamuuliza kama ameridhia. Ni swali dogo, lakini baba wa mtoto wa kike hulingoja tangu siku anapozaliwa.

"Mayasa anataka umuulize wewe," akasema. "Sheikh amesema hapana ubaya, ilmuradi baba mtu mwenyewe akutume. Sasa wa kwenda kumwambia ni wewe, shemeji. Mimi siwezi."

Nilimkuta Mwalimu Doornfontein anafuta ubao, wanafunzi wameshatoka. Nikamweleza. Akaendelea kufuta mahali palipokwisha kuwa safi.

"Anaogopa nini?"

"Anaogopa akijibu utamsahihisha."

"Siku ya ndoa yake?"

"Ulimsahihisha siku ya posa, Abdulrahman."

Akaweka kifutio. Hasira ikanipanda, nikasema yote. "Wewe mwenyewe umesimama foleni ya kibali nchi hii mpaka miguu ikavimba, ukiomba mtu aliyekaa dirishani akwambie wewe ni wa hapa. Unakumbuka ulivyorudi unatetemeka? Halafu unakwenda nyumbani unakaa dirishani, mtoto anakuletea neno, unamwambia nje. Kila Ijumaa nje. Ulidhani anakuletea maneno tu?"

Alikaa kwenye dawati la mwanafunzi, magoti hayaingii, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mzee. Baadaye akasema, "Nimekutuma. Lakini niruhusu nisimame nje ya mlango. Mwambie sitasema kitu. Nataka kumsikia tu."

Nikampelekea Mayasa maneno hayo. Alikubali kwa kichwa.

Harusi ilikuwa hapo hapo kwao Jeppestown, wanaume chini uani, wanawake ghorofani. Nilipanda na mashahidi. Mwalimu akatufuata, kanzu yake imepigwa pasi ikasimama, akabaki ukumbini karibu na mlango ulioachwa wazi kidogo. Mayasa alikuwa amekaa kitandani na hina mpaka viwikoni, mama yake pembeni. Nikamuuliza kama ameridhia kuolewa na Suhaib kwa mahari waliyokubaliana.

Hakunitazama mimi, aliutazama ule upenyo wa mlango. Kisha akajibu kwa Kiswahili kilichonyooka, kila neno limewekwa mahali pake kama anasoma taarifa ya habari. "Ndiyo, ami. Nimeridhia kwa hiari yangu, na ninamshukuru baba yangu kwa malezi yake."

Mashahidi wakasema tumesikia. Tukatoka, nikavuta mlango nyuma yangu.

Mwalimu alikuwa ameegemea ukuta, machozi yamemfika kwenye ndevu. "Hakukosea hata neno moja," akasema. "Umesikia? Hata moja."

Nilikuwa natafuta la kumwambia, ndipo kule ndani kikapasuka kicheko, na sauti ambayo, baba yake akiwapo, sikuwa nimeisikia tangu Mayasa akiwa mtoto. "Yoh, Mama! Eish, nilikuwa shaking, I swear. Umeona mikono? Na Ami Selemani, shame, maskini, alikuwa anaogopa kuliko mimi. Ami yuko sharp, man." Mwatumu naye akicheka, na wanawake wengine wakapiga vigelegele.

Mwalimu akasogeza sikio mlangoni. Alikuwa akifumba macho kila neno lilipopita, na midomo yake ikilirudia kimya kimya.

"Ingia," nikamnong'oneza. "Kamwambie maneno yake umeyapokea."

Akatikisa kichwa. "Nikiingia atanyamaza."

Tukashuka. Sheikh alikuwa anatungoja, na Suhaib amekwisha kunyoosha mkono. Mwalimu akaushika, akamwoza binti yake kwa matamshi safi, bila kukosea.