Jiwe la Filemon

Siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji, Kilema nzima ilishika majembe isipokuwa watu wawili. Filemon na diwani Praygod walikuwa wamejibanza kilabuni, kila mmoja na kata yake ya mbege. Na sheria ya mfereji haina mjomba: anayetega kazi hutoa mbuzi, kamati ikamla. Filemon alikuwa na mbuzi mmoja tu, beberu mnene wa kipaimara cha binti yake, Aikande.

Jumapili, baada ya misa, diwani akapaza sauti uwanjani. "Mnasema sikuonekana? Nilikuwa juu msituni, kwenye chanzo! Mimi na Filemon tuling'oa jiwe kama debe!"

Macho yote yakamgeukia Filemon. Akamfikiria beberu. Akashika kiuno, akaguna, "Aisee."

Basi! Jiwe likapata miguu. Kufika Marangu sokoni lilikuwa kama ng'ombe. Likarudi Kilema kama Fuso, tena Filemon kalibeba peke yake, diwani kashika koti tu. Nyumbani, mkewe Theopista akamkanda mgongo kwa maji ya moto wiki nzima, na supu juu.

Mvua ikanyesha, ikaporomosha jiwe la kweli, likaziba mfereji. Mama Zita, mwenyekiti wa kamati, akabisha hodi.

"Baba Aikande, njoo utuondolee kijiwe. Kwako wewe ni kokoto."

Filemon akaenda kuchungulia. Kijiwe kilikuwa kama jiko la nje! Akachuma jani la isale, maana mwenye isale mkononi hakataliwi msamaha. Akajikokota hadi mbele ya watu. Upande wa pili akamwona diwani anashuka, naye kashika isale lake.

Watu walicheka hadi wakakaa chini.

"Isale limeondoa hasira," alisema Mama Zita. "Njaa bado. Aliyedanganya zaidi ndiye atoe mbuzi."

"Mimi nilisema debe tu!" diwani alilia.

"Mimi hata sikusema!" alijibu Filemon. "Niliguna!"

"Uliguna ukishika kiuno! Muulizeni mkewe kama hakukandwa!"

Mama Zita akamgeukia Theopista. Filemon akafumba macho. Alimwona beberu wake mkaani. Theopista alimtazama mumewe, akatazama migomba, akakohoa.

"Kukandwa? Huyu? Mgongo wake mzima kabisa. Wiki nzima amenichanjia kuni."

Diwani akatoa mbuzi. Mbavu zikiiva, wote waliingia na mitaimbo, jiwe likatoka, maji yakashuka yakiimba. Jioni hiyohiyo diwani aliwatangazia watu wa Marangu kwamba amewachinjia wananchi wake kwa mapenzi tu.

Filemon alirudi nyumbani akipiga mluzi, akamkuna beberu shingoni, akaingia ndani. Theopista alikuwa amelala kifudifudi kitandani, beseni la maji ya moto pembeni.

"Wiki nzima, Baba Aikande," alisema. "Na supu. Halafu kesho, kuni."