Tumbo la Mtanikoma

Mbwa wa Bibi Tusekile aliitwa Mtanikoma, jina alilopewa ili majirani walisikie kila jioni akiitwa. Nguruwe pori wote wa Uyole walimwogopa. Ubaya wake ulikuwa tumbo. Mwaka wa pili sasa lilitulia siku tatu, likafunguka siku nne, na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alipokuja barazani kutoka Mbeya mjini, lilifunguka kando ya viatu vyake.

Kesho yake Jumbe Asukile alifika na gobore begani.

"Mtoe, Bibi. Mbwa huyu ameoza ndani."

"Na wewe ukiharisha tukupige risasi?"

"Bibi."

"Nauliza tu, baba. Nipe mpaka Jumapili. Akiharisha tena, nitamshika mwenyewe umpige."

Watu waliokusanyika uani walikuwa wanacheka, Jumbe akakubali haraka.

Bibi hakutafuta mganga. Alikuwa amelea matumbo ya watoto wanane. Alfajiri alimfuata mbwa, kanga ameikunja juu ya magoti kwa sababu ya umande. Mtanikoma alipita migombani, akavuka kijito, akaingia nyuma ya nyumba ya Jumbe. Pale palikuwa na lundo la machicha ya pombe ya ulezi, bado yanatoa mvuke. Akala mpaka akayumba.

"Kumbe," Bibi akasema. Kanisani pombe ilikatazwa, na Jumbe alikuwa mzee wa kanisa.

Akamfunga mbwa kwa kamba ya mgomba. Maziwa marufuku, mifupa marufuku. Alimpa uji mwepesi wa mchele, kidogo kidogo, mara nne kwa siku, baadaye nyama ya kuku aliyoichambua kwa vidole vyake.

"Unamlisha kama mzazi aliyejifungua jana," akasema jirani yake, Damari.

"Mzazi gani amekulindia mahindi?"

Kufika Ijumaa choo cha mbwa kilikuwa kigumu kama muhogo mkavu. Bibi alimwita Damari aje akione.

Jumamosi mbwa akatafuna kamba, akatoroka.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, Mtanikoma alikuja akiyumba na kuharisha mbele ya wote. Jumbe akaenda kuchukua gobore. Bibi akapiga goti, akamkumbatia mbwa shingoni.

"Nimemshika, kama nilivyoahidi. Lakini njoo kwanza umnuse mdomo."

Jumbe akainama. Akabaki ameinama.

"Ananuka nini?" Damari akauliza.

"Jumbe atatuambia," Bibi akasema. "Au niwaambie mimi alikokula?"

Jumbe alishusha gobore polepole. "Mbwa ni mgonjwa tu," akasema. "Mgonjwa hauawi."

Jioni ile alionekana na jembe, akifukia kitu nyuma ya nyumba yake.

Mtanikoma hakupona kabisa. Kila masika tumbo lilimrudia, na Bibi alirudi kwenye uji wake wa mchele, mara nne kwa siku, bila kumwomba mtu ruhusa. Jumbe akipita njiani huuliza kwa adabu, "Tumbo linaendeleaje, Bibi?"

"La nani, baba? Lake, au lako?"