Kuku wa Mama Mkwe

Pale mtaani Pito watu walikuwa na utani wao: ukifa ukaambiwa uzaliwe tena, omba uzaliwe kuku kwa Kristiana. Na tusiwalaumu, maana wapo binadamu Sumbawanga hii wasiolala pazuri kama kuku wale. Banda lilisimama juu ya nguzo nne, juu kabisa ya ardhi, ili kicheche asipate pa kuanzia. Pande mbili zilikuwa za wavu mzito. Pande mbili nyingine, zile zinazopigwa na upepo, alizikandika udongo kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu baridi ya Juni huku juu inakufuata hadi ndani ya blanketi. Maji alibadilisha mara mbili kwa siku, na mlango ulikuwa na makomeo mawili.

Kuku wenyewe walikuwa kumi na watatu, kila mmoja na jina lake. Jogoo aliitwa Diwani, kwa kuwa alipiga kelele alfajiri na baada ya hapo hukuona alichofanya. Kulikuwa na Bibi Harusi, mweupe pe. Kulikuwa na Karani, tembe mwembamba aliyedonoa kila karatasi iliyopeperuka uani. Mayai yao yaliliwa, wao wenyewe hapana. Adolfu, mume wa Kristiana, dereva wa lori la mahindi njia ya Laela, alishasalimu amri zamani. Akitamani nyama ya kuku, aliila huko huko safarini.

Usicheke. Kristiana alikuwa na miaka kumi na minne ya ndoa na hakuwa na mtoto. Mimba tatu ziliharibika. Ilipoharibika ya tatu, mama mkwe wake, Mama Lucia wa Mwazye, alisema sebuleni mbele ya watu kwamba mwanawe anapoteza jembe kwenye udongo uliokufa, na afadhali aoe mwingine. Mwanachama wa Wawata huyo, umoja wa wanawake Wakatoliki, rozari haimtoki shingoni. Adolfu alikataa katakata, mama akakata mguu, miaka sita hakukanyaga pale. Kristiana alianza kufuga mwaka ule ule. Sitasema kuku walikuwa watoto wake, kwa sababu aliwahi kumfokea mtu aliyesema hivyo. Walikuwa kuku. Lakini akitoka sokoni walimkimbilia getini, na mtu aliyetamani kukimbiliwa anajua hilo si jambo dogo.

Basi, Jumanne moja mwezi wa sita, Kristiana yuko kwenye cherehani, akasikia hodi. Mama Lucia alikuwa amesimama mlangoni, amekonda, kitenge begani, na kwapani amembana kuku mwekundu aliyefungwa miguu kwa kipande cha kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mwanangu. Miaka yote hiyo mama yule hajawahi kumwita hata kwa jina. Alikuwa "mke wa Adolfu", tena siku akiamka vizuri. Kristiana alipiga goti, akampokea kuku kwa mikono miwili, na machozi yakamlenga pale pale.

Hata hivyo hakuwa mjinga. Huku akimshukuru mama mkwe alishamtazama kuku macho, akamgeuza akamtazama na nyuma. Alikuwa safi. Lakini Hellena, afisa mifugo wa kata, alikuwa amewaimbia wanawake wa mtaa ule mpaka wakachoka: kuku mgeni halali na wenyeji mpaka wiki mbili zipite, maana hata mzima anaweza kubeba ugonjwa. Na chanjo ya mdondo, ugonjwa unaofagia banda zima, ilikuwa imepitiliza. Chupa moja hutosha kuku wengi na ikishafunguliwa haiwekwi, kwa hiyo majirani hukusanya kuku wao siku moja wakatiwa matone ya jicho pamoja. Mwezi wa tano hawakukusanyika. Huyu yuko shambani anavuna, yule yuko msibani. Sasa walikuwa wamepanga Jumamosi. Kristiana alimfunika mgeni kwa tenga kwenye jiko la zamani, akamwekea mahindi na maji, akarudi kumpikia mama mkwe.

Asubuhi ya Jumatano Mama Lucia aliingia kule jikoni kutafuta kuni.

"Kuku wangu amefanya nini?" aliuliza.

"Hajafanya kitu, mama. Ndio utaratibu. Mgeni hukaa pembeni kwanza, wiki mbili tu."

"Pembeni." Bibi alilitazama tenga kwa muda. "Nimetoka Mwazye nimempakata kuku huyu kwenye gari njia nzima. Nikasema naenda kumwomba msamaha mke wa mwanangu. Kumbe zawadi yangu inanuka."

Hakupandisha sauti. Angepandisha ingekuwa nafuu. Aliingia ndani akaanza kukunja nguo zake kwenye mfuko, moja moja, na Kristiana akasimama uani na simu sikioni.

"Mke wangu," Adolfu alisema, injini ikinguruma nyuma yake, "mama ana miaka sabini na mbili. Sijui kama atakuja tena. Ni kuku mmoja. Mwingize."

"Adolfu, chanjo yenyewe bado..."

"Mwingize, nakuomba."

Kristiana akafungua makomeo yote mawili. Mgeni aliingia, Diwani akamzungukia kwa mikogo yake, na kabla ya saa sita wote walikuwa wanakunywa chombo kimoja. Mama Lucia alitoa nguo zake mfukoni akazitundika tena. Mchana ule walisonga ugali wa ulezi pamoja, bibi akimfundisha namna ya kuugeuza usishike chini, na Kristiana akajifanya hajui ili afundishwe. Alikuwa na furaha. Furaha ile ilimtia hata aibu kidogo, mtu mzima kama yeye.

Jioni walikaa nyuma ya nyumba, kwenye jua la mwisho, wakitazama banda. Mama Lucia akaushika mkono wake.

"Unajua kwa nini nimekuletea huyu? Nilikuwa nao ishirini na wawili. Wiki mbili hizi wote wakaanza kusinzia, shingo zinapinda, nikifungua asubuhi ni kuokota tu. Akabaki huyu peke yake. Nikasema, huyu Mungu amemwacha kwa sababu yake. Sitamla wala sitamuuza. Nampelekea Kristiana."

Kristiana aligeuka akatazama banda. Kule ndani ya wavu kuku mwekundu alikuwa ametumbukiza mdomo majini, na Karani yuko kando yake, anangoja zamu.

Alijua la kufanya. Kuinuka, kumtoa yule, kumwaga maji, kuosha vyombo, kuwatenganisha wote usiku haujaingia. Pengine alikuwa amechelewa, pengine hakuchelewa; hilo hakuna atakayemwambia mpaka anaingia kaburini. Alitakiwa kuinuka tu. Lakini akiinuka, lazima aseme kwa nini, na mama yule angefahamu alichobeba kwapani kutoka Mwazye. Mkono wa bibi ulikuwa mgumu na wa moto, kidole gumba kikipapasa kiganja chake taratibu, kama mtu anayempapasa mtoto wake mwenyewe. Kuna watu wamepapaswa hivyo tangu wakiwa wachanga, hawawezi kujua thamani yake.

"Asante, mama," Kristiana alisema, na akakaa.

Walikaa mpaka kuku walipopanda wenyewe kulala, kumi na wanne.

Ijumaa Mama Lucia aliondoka, amebebeshwa mayai na kitambaa cha gauni. Jumamosi asubuhi majirani walianza kufika na kuku wao kwenye matenga, Silvana wa nyumba ya pili akiwa wa kwanza, halafu Hellena na chupa ya chanjo ndani ya termosi ya barafu. Hellena hakuingia. Kutoka getini alimwona Bibi Harusi amejikunyata kwenye kona ya uwanja, mabawa yameshuka, kinyesi cha kijani kimemgandia manyoya.

"Rudisheni kuku nyumbani," aliwaambia wanawake. "Wote, sasa hivi. Mtu asikanyage humu." Kisha akamgeukia Kristiana. "Uliingiza mgeni?"

"Ndiyo."

"Ulijua anatoka kwenye ugonjwa?"

Kristiana alitazama chini. "Nilijua."

Silvana alifunika tenga lake kwa kanga, haraka haraka, akaondoka bila kuaga. Wamekopeshana chumvi miaka tisa, Silvana na Kristiana.

Bibi Harusi alikufa Jumapili kabla ya misa. Jumatatu walikwenda wanne, Karani akiwa mmoja wao, kichwa kimegeukia mgongoni, anazunguka, anaanguka, anainuka, mpaka Kristiana akampakata akatulia mwenyewe. Alichimba shimo refu nyuma ya choo akawa anawazika kwa majivu, jina kwa jina. Diwani alikuwa wa mwisho. Siku mbili hakuwika, na Alhamisi Adolfu aliporudi ndiye aliyemkuta chini ya kichanja. Alichukua jembe akachimba bila kuambiwa.

"Nisamehe," alisema alipomaliza kufukia.

"Si wewe," Kristiana alijibu, akaingia ndani.

Kuku mwekundu alikuwa mzima. Alikula, akanya vizuri, akatembea peke yake kwenye banda la kuku kumi na wanne. Kristiana alimchukia, tuseme ukweli. Ijumaa alimkamata, akatia kisu makali kwenye jiwe la kunolea mpaka jiko zima likanuka chuma, kisha akamwachia kwa sababu yule kuku alitulia tu mkononi mwake, anamtazama, hajui kosa lake.

Jumamosi jioni simu iliita. Adolfu alipoona jina la mama yake alitikisa kichwa. "Mwambie hawajambo," alinong'ona. "Ni mzee. Ukimwambia utamuua."

"Kristiana, mwanangu," sauti ya bibi ilisema, imechangamka. "Kuku wangu amewazoea wenzake?"

Kristiana aliketi kitandani.

"Mama, wenzake wamekufa. Wote."

Kule Mwazye mbuzi wa mtu walisikika wakipita.

"Na wangu?"

"Wako ni mzima."

Kisha bibi akaanza kulia, kilio cha chini, cha mtu aliyefahamu mambo yote kwa mara moja. "Basi ni mimi. Nimekuua mara ya pili. Nimekuja kuomba msamaha nikakuletea kifo, na wewe maskini hukujua."

Adolfu alikuwa akimpungia mkono: mkubalie, yaishe. Na ingekuwa rahisi. Yote yangeishia kwa yule mzee, na Kristiana angebaki msafi.

"Nilijua, mama," alisema. "Ulipoanza tu kunisimulia, nilijua. Ningeweza kumtoa saa ile ile."

"Ulijua?" Kilio kilikatika. "Sasa kwa nini hukuinuka, mwanangu?"

Kristiana alitazama kiganja chake.

"Ulikuwa umenishika mkono."