Ukuta Usiotaka Nguo

Kitendawili! Sema tega, usininyamazie. Haya: nina mzee wangu nyumbani, kila nikipata nafasi namvika nguo mpya juu ya ile ya zamani, na hata siku moja hajalalamika joto. Ni nani huyo? Usiseme kitunguu. Kitunguu huzaliwa na nguo zake, hakivikwi na mtu. Umeshindwa? Basi nipe mji. La, baki na mji wako, mji mzima mimi nitauweka wapi? Jibu ni ukuta. Unapakwa rangi juu ya rangi, nao umesimama tu, kimya, kama mtoto anayevishwa sweta asilolitaka.

Aliyekitunga kitendawili hicho ni mama mmoja ambaye watu walimwita Mama Brashi. Kupaka rangi ndiyo iliyokuwa kazi yake tangu usichana. Alipaka madarasa, alipaka maduka, alipaka wodi za wazazi na vyumba vya maharusi, na kila alipopita aliacha ukuta uking'aa na mwenye nyumba akitabasamu. Mpaka siku bega la kulia lilipogoma. Bega likasema, mimi kupita kichwa chako siendi tena. Na fundi wa rangi asiyeweza kuinua mkono ni sawa na mwimbaji aliyekaukiwa sauti. Ndipo mwanawe wa pekee, ambaye alikuwa mchora ramani za nyumba, akaja na gari kumchukua.

"Mama, nyumba yetu imekwisha. Njoo ukae na sisi. Umehangaika vya kutosha, sasa pumzika."

"Nitakuja kutembea," alisema yeye. Kutembea, si kukaa. Akafunga begi moja tu, jepesi, la mtu anayejua njia ya kurudi.

Nyumba yenyewe, jamani, ilikuwa na mambo. Mama Brashi alivua viatu mlangoni, akaingia, akasimama. Sakafu ilikuwa ya mawe bapa, hakuna moja lililolingana na jirani yake, yamepangwa kama vipande vya mkate uliomegwa kwa mkono. Meza ya jikoni ilikuwa ubao mmoja mnene, na gome la mti bado limeganda pembeni. Beseni la kunawia lilikuwa jiwe zima la mtoni lililochimbwa tumbo. Bafuni walikuwa wamepanga kokoto laini kwenye sakafu, ukikanyaga unatekenywa nyayo mpaka ucheke peke yako. Na katikati ya nyumba, pasipo na paa, palikuwa na kiua kidogo kilichozungukwa na vioo. Ndani yake mlijaa kangaga za kijani, na maji yalidondoka juu ya jiwe, to, to, to.

"Bomba hili linavuja," alisema Mama Brashi.

"Halivuji, Mama," mkamwana wake alijibu, huku akicheka. Yeye kazi yake ilikuwa kupamba nyumba za watu kwa ndani, na hii ya kwake aliipamba kwa moyo wote. "Tumelitengeneza lidondoke hivyo, ili nyumba iwe na sauti ya maji."

"Loo! Wengine tunaita fundi aje kuzuia, nyinyi mmeita fundi aje kuvujisha!"

Wakacheka wote watatu. Lakini walipofika sebuleni, Mama Brashi hakucheka. Ukuta mmoja mzima, mrefu, wa kutoka sakafuni hadi darini, ulikuwa mawe matupu. Mawe ya chokaa, hayakupigwa plasta wala hayakuguswa na rangi. Uchi kabisa.

"Na huu je?"

"Huo tunaupenda hivyo hivyo," alisema mwanawe.

Mama Brashi aliitikia kwa kichwa, ila moyo ulimshuka. Maneno hayo alikuwa ameyasikia mara nyingi mno katika kazi yake. Mwenye nyumba akiishiwa, ukuta ukabaki mtupu, hakwambii mfuko umetoboka. Atasimama mbele yako, atakunja mikono, atasema, "Huo tunaupenda hivyo hivyo." Naye fundi wa rangi mwenye adabu hujifanya ameamini. Kwa hiyo Mama Brashi akajifanya ameamini. Usiku ule kabla ya kulala aliwaza, maskini wanangu, wamejinyima mpaka ukuta wa sebule, halafu bado wananikaribisha mimi.

Sasa wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ilifika ikapita, na Mama Brashi hakupewa jembe wala ufagio. Akishika sufuria, mkamwana anampokonya kwa upole. "Acha, Mama, utachoka." Akifungua maji aoshe vikombe, mwanawe anayafunga. "Kaa, Mama, si nilikwambia upumzike?" Wote wawili walimtendea wema wa kweli, wema ule unaomkalisha mtu kitini mpaka miguu inakufa ganzi.

Siku moja rafiki yake wa kazini, waliyekuwa wakishikiana ngazi, alimpigia simu.

"Mama Brashi, uko wapi siku hizi?"

"Niko kwa mwanangu."

"Unafanya nini huko?"

"Nakaa."

"Unakaa unafanya nini?"

"Nakaa tu, mwenzangu. Kama chungu cha maua, ila maua yenyewe humwagiwa maji. Nimechoka kupumzika, nakwambia!"

Ndipo wazo lilipomjia. Stoo palikuwa na makopo ya rangi iliyobaki walipopaka dari, rangi nyeupe yenye umaziwa kidogo. Bega halifiki juu, sawa, lakini mpaka usawa wa kifua linafika. Atawapaka ukuta wao. Hatawaambia neno, asiwaaibishe. Watarudi kutoka kazini waukute umevaa, na hapo na yeye atakuwa ameweka mkono wake katika nyumba hii. Maana hilo ndilo lililokuwa likimla ndani: alitaka kuwa na mahali pake pale, na hakujua mtu hupataje mahali asipofanyia kazi.

Walipotoka asubuhi, alitandika magazeti, akajifunga kitambaa kichwani, akakoroga. Ee, raha iliyoje! Brashi ilimkumbuka mkono. Jiwe lilikunywa rangi kama ngamia, akaliongezea, likanywa tena. "Una kiu wewe," aliliambia. Aliimba, alipaka, bega lilipolalamika alibadili mkono. Kufikia alasiri nusu nzima ya chini ilikuwa nyeupe pee.

Mkamwana ndiye aliyetangulia kurudi. Aliingia na mkoba wake begani, akafika sebuleni, akasimama. Mama Brashi alisubiri kigelegele. Hakikuja.

"Mama," alisema mkamwana. "Ni rangi."

"Ni rangi, mwanangu. Nimewamalizia."

Mkamwana alisogea, akaweka kiganja juu ya jiwe moja, kisha jingine, kama mtu anayepapasa paji la mgonjwa. Akaweka mkoba chini, akaingia bafuni, akafunga mlango, na maji yakaanza kumwagika huko, mengi kuliko ya kunawa uso.

Muda si mrefu mwanawe naye akaingia. "Mama! Ukuta huu! Mke wangu alikwenda machimboni mwenyewe kuchagua mawe haya, moja moja. Alimsimamia mwashi mpaka mwashi akamwita bosi mkali. Hatukuishiwa, Mama. Tuliutaka hivi!"

"Si mlisema mnaupenda hivyo hivyo?"

"Ndiyo! Tunaupenda hivyo hivyo!"

"Jamani," alisema Mama Brashi, akakaa juu ya kopo. "Kumbe yupo mtu duniani anayesema maneno hayo kwa kweli."

Hakuna aliyecheka. Aliosha brashi, kwa kuwa brashi haina kosa. Alikunja magazeti. Kisha akaenda chumbani, akatoka na begi lake mkononi. Mgeni anayevunja sahani husamehewa, aliwaza, lakini huyu aliyeharibu moyo wa nyumba atakaa vipi mezani na watu?

Mwanawe alimzibia njia. "Unakwenda wapi, Mama? Kwani hapa si kwako?"

Mama Brashi alihamishia begi mkono wa pili. Swali dogo, jibu lake ndiyo au siyo, na hakuwa nalo.

Mlango wa bafuni ukafunguka. Mkamwana alitoka, macho mekundu, uso unachuruzika maji. Aliliona begi, akamtazama mama mkwe wake, akavuta pumzi.

"Mama, rangi ni ya maji au ya mafuta?"

"Ya maji."

"Imekauka?"

"Kwa juu imekauka. Ndani bado, jiwe limeinywa."

"Basi weka hilo begi chini, tuiwahi. Wewe," alimwambia mumewe, "chemsha maji, usisimame hapo kama nguzo."

Wakajipanga, maji ya uvuguvugu, sabuni na matambara. Mama Brashi alitaka brashi ya waya, mkamwana akamzuia mkono. "Hapana, Mama, jiwe hili ni laini, litakwaruzika. Tumia hii ya nguo." Wakasugua. Maji meupe yalitiririka kama maziwa. Rangi ya juu ilitoka, lakini ile iliyoingia kwenye vitundu ilibaki, na mawe yakawa na mabaka kama ng'ombe.

"Hiyo ya ndani ndiyo kazi," alisema mkamwana. Alileta mfuko wa udongo mweupe, laini kama unga, akaukoroga na maji mpaka ukawa mzito. "Huu tunaupaka juu ya jiwe, tunaufunika, tunaungoja ukauke. Ukikauka unaivuta rangi kutoka ndani. Halafu tunaubandua."

Mama Brashi alichungulia ndoo. "Yaani tunapaka ili tuvue?"

"Tunapaka ili tuvue, Mama."

"Makubwa! Nimepaka maisha yangu yote, sijawahi kupaka kwenda nyuma!"

Hapo mkamwana alicheka, bila kutaka, kicheko chenye mafua ya machozi. Mama Brashi alichukua brashi yake. Alipaka ule udongo kwa unene mmoja, bila mikunjo, mpaka kwenye pembe, na mkamwana akaacha ya kwake akamtazama. "Mimi wa kwangu una mabonde na milima. Mama, kazi hii ni yako. Itatuchukua siku nyingi, eneo kwa eneo. Utaweza?"

"Niulize kama nitaweza kukaa bure. Hilo ndilo lililonishinda."

Mume na mke wakatazamana. "Tulidhani tunakutunza," alisema mwanawe kwa sauti ndogo.

"Mlikuwa mnanitunza, baba. Kama kabati."

Asubuhi iliyofuata wakaenda zao kazini, na yeye akabaki na ukuta. Sehemu ya kwanza ilipokauka, aliubandua udongo taratibu, ukatoka vipande vipande na umaziwa wake. Na chini yake likatokea jiwe. Mama Brashi hakuwahi hata mara moja kutazama ukuta ila kwa nia ya kuufunika. Sasa alivaa miwani. Jiwe lilikuwa na mshipa wa manjano uliopinda kama njia. Jirani yake lilikuwa la kijivu, lakini kijivu chenye uwaridi ndani, kama sehemu ya chini ya ulimi wa paka. Na katika lile la pembeni, mumo humo ndani ya jiwe, palikuwa na konokono mdogo, mzima, na mizunguko yake yote, aliyegeuka jiwe tangu enzi ambazo hakuna mtu wa kuzihesabu.

"Hodi, mzee," alimwambia. "Samahani, nilikufunika shuka usoni."

Jioni alimvuta mkamwana mkono kabla hajaweka mkoba. "Njoo uone! Kuna mtu amehamia!"

"Huyo namjua," alisema mkamwana, akapiga magoti kando yake. "Ndiye aliyenifanya nilichague jiwe hilo. Na yupo mwingine juu, upande wa dirisha."

"Wako wangapi?"

"Sijui. Tuwatafute."

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yao. Mchana Mama Brashi anapaka na kubandua, jioni yeye na mkamwana wanatafuta konokono, na mwanamume wa nyumba anapika na kulalamika kwamba hakuna anayemsifu. Mabaka yakapungua. Machache yalikataa kutoka, mkamwana akasema yaacheni, na ukuta nao una historia. Ukuta ulipopona, alimuuliza mama mkwe wake kuhusu njia ya pale nje, toka getini hadi mlangoni, iliyokuwa bado vumbi tupu. Angependa ipangwe mawe, lakini anahitaji jicho la mtu anayejua ni rangi gani ikae karibu na ipi.

"Usiniletee yanayofanana," alisema Mama Brashi. "Yanayofanana hayana la kuambiana."

Mawe yaliletwa siku ambayo wenyewe wawili walikuwa kazini. Lori liliunguruma nje, honi ikalia, na dereva akatoa kichwa dirishani.

"Hodi mama! Hapa ni kwa nani?"

Mama Brashi alikuwa anatoka na kitambaa chake kichwani na mikono imejaa povu la vyombo. Alitaka kusema kwa mwanangu. Maneno yalikuwa yamezoea kutoka yenyewe, yalishafika kwenye meno. Akayarudisha. Akakumbuka mwanawe alivyomzibia njia na kumuuliza kama hapa si kwake, na swali lilivyobaki bila jibu hata leo.

Akalifungua geti, akalisukuma mpaka mwisho.

"Hapa ni kwangu," alisema. "Ingia. Na ushushe polepole, mawe hayo yana wenyewe ndani."