Usabunishaji na Ulimi wa Wifi

Ulimi wa Bi Povu ulikuwa umeonja sabuni nyingi kuliko nguo zote za mtaa ule. Watu walisema, naye hakukanusha, kwamba akipiga chafya asubuhi mapovu hutoka dirishani na majirani hukimbilia kutoa vyombo vyao vichafu nje. Siku hiyo alikuwa mbele ya wanafunzi wake, katika chumba cha nyuma cha kituo cha mafunzo ya ufundi, akiandika ubaoni neno refu kama treni ya mizigo: USABUNISHAJI.

"Mwalimu, si useme tu kuchanganya?" aliuliza mwanamke mmoja mcheshi ambaye wenzake walimwita Kiherehere.

"Kuchanganya ni kitu kingine, mwanangu. Ukichanganya mchele na choroko, bado una mchele na choroko. Keti, pembua, kila kimoja kitarudi kwenye kopo lake. Lakini mafuta na kostiki, ile soda kali ya kupikia sabuni, vikishamaliza kazi yao, pembua mpaka uote meno mapya, hupati mafuta wala hupati kostiki. Vimegeuka. Una sabuni, na gliserini imo humohumo. Mgeuko huo ndio usabunishaji."

"Kwa hiyo naweza kusema jana nimesabunisha shati la mume wangu?"

"Hapo umelipaka sabuni tu. Kinachosabunishwa ni mafuta. Labda kama huyo mume mwenyewe ni wa mafuta."

Darasa likaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote alikuwa wifi wa Bi Povu, mke wa mdogo wake, aliyekuwa akipanga miche ya sabuni kwenye kichanja. Bi Povu ndiye aliyemfundisha kazi, tangu siku alipokuwa akishika mwiko kama mtu anayeua nyoka. Siku hizi walipika pamoja, waliuza pamoja, na jioni walirudi pamoja katika nyumba moja.

Kicheko hakijaisha, mlango ukafunguliwa. Aliingia Msimamizi wa kituo, na nyuma yake dobi, mikono yote miwili imezungushiwa bendeji kama bondia aliyesahau glavu.

"Bi Povu, mimi na wewe tuna ugomvi gani?" dobi alisema, akabwaga mche mezani kwa viwiko. "Nimefulia sabuni yako, nimechubuka kama kiazi kilichomenywa!"

Mche ulikuwa wa kwao kweli. Bi Povu alilowanisha kidole, akakisugua juu yake, kisha akagusa ncha ya ulimi, njia ileile anayowafundisha wanafunzi. Ulimi ukapigwa shoti. Akatema kwenye ndoo, akasukutua.

"Kostiki bado imo," alisema. "Haijamaliza kusabunika. Hii ni ya kichanja cha juu, niliyosema isiguswe." Akageuka. "Wifi, nani kampa dobi sabuni hii?"

Wifi alifuta mikono kwenye aproni, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Si wewe, wifi? Uliniambia mwenyewe, mpelekee, imeshaiva. Umesahau tena?"

Alilisema kwa upole, kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka. Bi Povu alipekua kichwa chake chote, hata zile kona ambazo hafagii, asiyaone maneno hayo.

Msimamizi akakohoa. "Bi Povu, sikutaka kulisema hili mbele ya watu. Wifi yako alikuja ofisini kwangu, anasikitika sana, akanieleza kwamba siku hizi vipimo vinakupotea. Akaomba darasa alishike yeye, kwa usalama wa wanafunzi. Nikasema tungoje kwanza. Sasa..." Aliitazama mikono ya dobi, asimalize.

Sakafu ilikuwepo, lakini Bi Povu hakuisikia chini ya miguu. Darasa lile ndilo lililokuwa likimwamsha kila asubuhi na kumchanisha nywele. Wakilichukua, atabaki sebuleni akibishana na mijusi. Na kilichomwuma zaidi ni kwamba alianza kuamini. Si juzi tu alitafuta miwani nyumba nzima, kumbe ameivaa? Huenda kweli alisema. Huenda wifi anamfichia aibu nyingine nyingi.

"Wifi yangu," aliuliza, sauti imepungua, "kabla ya kuipeleka, uliionja?"

"Niliionja. Ilikuwa sawa kabisa. Hata sasa iko sawa. Labda dobi ana ngozi laini."

"Ngozi laini, mimi?" Dobi aliruka. "Mimi nashika pasi ya mkaa upande wa moto!"

Kiherehere, ambaye hakupewa jina hilo bure, alikuwa ameshasugua kidole na kukipeleka mdomoni. "Mama wee!" Alitema mara tatu. "Imenipiga shoti mpaka kisigino!"

Bi Povu alisogeza mche ukingoni mwa meza. "Basi onja, wifi. Ikiwa sawa, nitajua ni mimi niliyechanganyikiwa."

Angeweza kukataa. Angeweza kugusa kidogo na kutema, kisha akasema, jamani, nilikosea. Lakini wifi aliuinua mche ule, akaulaza ulimi juu yake, bapa, mbele ya watu wote, akaumeza uchungu wake. Machozi yalimtiririka. Masikio yakavimba kwa wekundu. Akauweka mche mezani.

"Iko thawa," alisema.

Hakuna aliyecheka.

Bi Povu alimtazama, na kile kimlango kidogo alichokuwa amekiacha wazi moyoni mwake kikajifunga. Mtu aliyekosea angetema. Huyu alikuwa tayari kujiunguza kinywa ili mwenzake aonekane kichaa.

"Tema," alimwambia.

Wifi akatikisa kichwa.

"Tema, mke wa ndugu yangu, utatoka vidonda!" Bi Povu mwenyewe alileta kikombe cha maji, akamshika shingo, akamwinamisha kwenye ndoo. Wifi akasukutua, akatema, akasukutua tena.

"Dobi alikuwa na haraka," alisema akiwa ameinama. "Ingekuwa wewe ungemwambia angoje, naye angeenda kwingine."

"Hilo nimelielewa. Na kichwa changu ulichokisema ofisini? Nacho kilikuwa na haraka gani?"

Wifi alifuta kinywa kwa ncha ya aproni.

Msimamizi alinyoosha kiganja, wifi akampa ufunguo wa chumba aliokuwa akiutunza, naye akamkabidhi Bi Povu. "Darasa ni lako, Bi Povu. Uniwie radhi," alisema, akaondoka na dobi kumtafutia dawa. Bi Povu alingoja furaha ije. Haikuja. Alirudi ubaoni, akamalizia maelezo yake, lakini mzaha haukutoka tena, na wanafunzi waliandika kimya kimya kama watu wanaosahihisha kosa la mwingine.

Jioni alimkuta wifi langoni, kashika vikapu vyao vyote viwili, kama kawaida.

"Tuondoke, wifi? Mdogo wako atakuwa anatungoja."

Bi Povu alichukua kikapu chake mkononi mwa wifi. "Tangulia."

"Na akiniuliza uko wapi?"

"Mwambie ulichomwambia Msimamizi. Mimi nitakuja kummalizia yaliyobaki."

Wifi akaondoka. Bi Povu alipita njia ya nyuma ya maghala, ile ndefu yenye mashimo, magoti yakimlalamikia kila hatua, akitafuta namna ya kumwambia ndugu yake alichofanya mkewe.