Kitufe cha Kijani

Mkaguzi alipoingia darasani na kuvuta kiti cha nyuma, mwalimu wa hesabu alimtupia jicho mtoto mmoja wa mbele. Mwalimu mkuu alikuwa ameshamwambia bila kumung'unya maneno: mkaguzi akiona mtoto yule hafaidiki, atahamishiwa shule ya bweni, mbali na mama yake.

Mtoto mwenyewe alikaa mbele, kwenye kiti cha magurudumu. Wenzake walimbandika jina la Kibibi, kwa jinsi alivyowatazama kama bibi anayesubiri wajukuu wamalize utundu wao. Hakuweza kusema, na mikono yake ilitetemeka, lakini alikuwa na kishikwambi. Alichoandika kwenye kioo, kishikwambi kilikitamka.

Shida ni kwamba aliandika polepole, herufi moja moja. Kwa woga wake, asubuhi ile mwalimu alimtengenezea kitufe kikubwa cha kijani kwenye kioo hicho. Akikigusa tu, sauti ingesema kwamba theluthi ni kubwa kuliko robo. Mwalimu akamwomba asimwangushe. Kibibi alimkodolea macho tu.

Somo lilikwenda mbio. Mwalimu alichora, akafuta, akaeleza, huku jicho moja liko kwa mkaguzi. Kisha akauliza ipi ni kubwa kati ya robo na theluthi, akamgeukia Kibibi.

Kidole kiliinuka, kikapita juu ya kile kitufe bila kukigusa, kikaenda kwenye herufi. Kikakosea, kikafuta, kikaanza upya. Mkaguzi alitazama saa. Mwalimu alitamani kukibonyeza kitufe mwenyewe, na mkono ulishaanza kwenda, ndipo macho yake yalipogongana na ya mama Kibibi, aliyekuja kufuatilia ukaguzi na kusimama mlangoni. Mama alitikisa kichwa taratibu. Mwalimu akaurudisha mkono.

"Kwa nini?" kishikwambi kikasema.

"Kwa nini nini, mwanangu?" mwalimu akauliza.

Kidole kilianza safari tena, na darasa zima likakisubiri.

"Nne ni kubwa kuliko tatu."

Msichana aliyekaa nyuma yake akasema kwa sauti ya chini kwamba hata yeye alidhani robo ndiyo kubwa, ila aliona haya kuuliza. Mwalimu akauliza nani mwingine. Mikono ikainuka, karibu darasa zima.

Uso ulimwaka. Kumbe siku zote alikuwa akiongea na ubao. Akaweka chaki chini, akagawa karatasi zinazolingana, akawaambia wakunje wenyewe: moja mafungu matatu, nyingine manne. Jirani yake Kibibi alimkunjia, yeye akielekeza kwa kidole. Vipande vilipolazwa ubavu kwa ubavu, Kibibi alicheka kile kicheko chake cha mwili mzima. Kwa muda mfupi mwalimu akasahau kuwa kuna mkaguzi.

Somo lilipoisha alikumbuka, akamgeukia. Mkaguzi alifunga mkoba wake, akasema atarudi muhula ujao, na kwamba hadi hapo mtoto asihamishwe. Hakusifu, hakulaumu.

Mama Kibibi alikuwa akisubiri kwenye benchi la nje, mtandio umesokotwa mikononi.

"Amesemaje, mwalimu?"

"Anabaki, mama. Kwa sasa."

"Kwa sasa," mama alirudia, akasogea kumpisha akae. Mwalimu akakaa kando yake.